Bega Lililoshuka

Hakuwa na deni. Hakuwa na chupa ndani ya nyumba, wala sigara, wala karata, wala kesi na jirani. Hakuwa na vazi lenye kifungo kilichokatika. Hayo yote aliyasema mwenyewe, tena kwa sauti, kila alipopata wa kumsikiliza, na watu wa mtaa waliyajua kama watoto wanavyoijua hesabu ya mbili mara mbili.

Yalikuwapo mengine ambayo hakuwa nayo na hakuyasema. Hakuwa na mke, alikwisha kumzika. Hakuwa na mtu wa kumwambia, "Kola yako imekaa upande." Hakuwa na wa kuuliza "Nani huyo?" alipofungua mlango wake jioni. Hakuwa na sufuria kubwa, maana ile iliyokuwapo aliigawa alipoona inamcheka. Na tangu macho yake yaanze kuingia ukungu, hakuwa na mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano, jambo ambalo kwa fundi wa nguo ni aibu kuliko kutembea peku. Mtoto mmoja wa kiume alikuwa naye, lakini huyo naye hakuwa naye.

Watu walimwita Mzee Futi, kwa ajili ya ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Walisema hata kitandani haivui. Ni uongo. Usiku aliitundika kwenye msumari, chini ya picha ya marehemu mkewe.

Kanisa lake lilikuwa dogo, nyuma ya gereji, na mahubiri ya Jumapili yalishindana na nyundo za mafundi wasiojua siku ya mapumziko. Lilikuwa na desturi yake. Mtu mzima akitaka kubatizwa, alipewa mzee mmoja wa kanisa awe shahidi wake. Shahidi alimtazama msimu mzima: anavyofanya kazi, anavyosema na watu wa nyumbani, anavyotembea siku ya mshahara. Kisha, siku moja kabla ya ubatizo, wazee walikutana, na shahidi aliulizwa swali moja tu: "Amebadilika?" Akijibu ndiyo, mtu alibatizwa kesho yake. Akinyamaza, mtu alisubiri msimu mwingine, na hakuna aliyemuuliza shahidi sababu.

Mzee Futi ndiye aliyekuwa shahidi mgumu kuliko wote. Ndiye pia aliyeshona kanzu nyeupe za ubatizo. "Anayekushonea ndiye atakayekuvua," walitania vijana wa kwaya, na yeye aliposikia hakukasirika. Aliona wamemsifu.

Sasa, mchungaji alipomletea Chokaa, alidhani ni mzaha.

Chokaa alikuwa fundi rangi. Nusu ya kuta za mtaa ule zilipita mikononi mwake, na nusu ya vilabu vya pombe vilipita kooni. Jina alilipata kwa sababu hapakuwa na siku nywele zake hazina matone meupe. Zamani aliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi, akiwa hajanywa, jambo lililoendelea kumuudhi. "Siku zote nilizopanda nimelewa sikuanguka," alikuwa akisema, "siku niliyopanda na akili zangu ndipo ngazi ikanikana." Tangu hapo bega lake la kushoto lilishuka chini ya la kulia, kama rafu iliyong'oka msumari mmoja.

"Mzee wangu," alisema mchungaji, kijana mpole ambaye viatu vyake vilipigwa kiwi mbele tu, "nimekuletea mtu wako wa msimu huu."

Mzee Futi alimtazama Chokaa juu ya miwani. "Huyu?"

"Huyu."

"Hakuna mwingine asiye na shahidi? Yule mama wa maziwa?"

"Mimi mwenyewe ndiye niliyekuomba, Mzee," Chokaa akadakia. "Nilisema nipewe yule asiyepitisha mtu. Nikipita kwako, nitajua nimepita."

"Na usipopita?"

Chokaa alikuna nywele, na vumbi jeupe likaanguka sakafuni palipofagiwa. "Sina misimu mingi. Daktari amenipiga picha ya ini. Anasema linafanana na sponji ninayofutia kuta."

Mzee Futi alimvuta mchungaji hadi kwenye meza ya kupigia pasi, ambako alidhani Chokaa hatasikia.

"Huyu anakunywa, Mchungaji."

"Najua. Anapigana nayo."

"Basi amalize vita kwanza, ndipo aje."

"Neema ni bure, mzee wangu."

"Bure ni bure, sikatai. Hata hiki," akapiga kofi bunda la kitambaa cheupe, "kanisa limepewa bure. Lakini kitambaa cha bure hakivaliki mpaka kishonwe. Au aende harusini amejitupia jora mgongoni?"

Mchungaji alicheka. "Na kinashonwa na nani, mzee wangu? Na kitambaa chenyewe?"

Mzee Futi hakupenda watu wanaoazima mifano yake na kuirudisha imepinda. Akamwambia mchungaji kwamba mlango uko wazi.

Alimpima Chokaa saa ile ile. "Simama wima."

"Hapa ndipo wima wangu ulipoishia, Mzee."

Fundi aliyemfundisha Mzee Futi kazi alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikachosha: shona mwili ulioletwa, usishone mwili ulioahidiwa. Maana kila mteja huja na ahadi. Bibi harusi atakwambia, "Kaza hapo kiunoni, nitapungua." Kijana atakwambia, "Acha nafasi kifuani, nafanya mazoezi." Fundi mjinga huwasikiliza, na siku ya sherehe mshono hufunguka mbele ya wageni. Mzee Futi naye aliifundisha sheria hiyo kwa kila mwanafunzi aliyepita kwenye cherehani zake. Alipima bega la kulia, akapima la kushoto. Yalipishana kwa upana wa vidole viwili.

Basi akaanza kumtazama Chokaa kama mtu anavyoyatazama maziwa yaliyo motoni.

Chokaa alijirahisishia mambo. Kila jioni, akitoka kazini, alipita karakana ya fundi kabla ya kwenda kwake, ili pumzi yake ikaguliwe. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaeleza alichopaka siku hiyo: nyumba ya mtu aliyetaka rangi ya krimu na mkewe akitaka kijani, mpaka wakamwambia apake zote mbili na wasisemeshane tena. Mzee Futi hakucheka mbele yake. Lakini jioni zikawa na umbo. Bila kujijua akaanza kutazama saa, na akaanza kuchemsha maji ya vikombe viwili.

Jioni moja Chokaa alimkuta ameishika sindano mbele ya balbu, akiuchoma uzi hewani, akikosa, akiulamba, akikosa tena.

"Leta, Mzee."

"Naweza."

"Naona unavyoweza. Leta."

Chokaa aliushika uzi. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeona kasoro ya brashi kutoka ng'ambo ya barabara, lakini mkono ulitetemeka kama jani. Uzi ulipita kulia mwa tundu, ukapita kushoto, ukamgusa fundi kidoleni.

"Jicho halijanywa," Chokaa akasema, "ila mkono bado una hangova ya mwaka juzi. Fanya hivi. Wewe shika uzi, mkono wako hautikisiki. Mimi nitakuongoza. Juu kidogo. Kushoto. Usipumue. Haya, sukuma!"

Uzi ukapita. Wakatazamana kama wezi waliofungua kufuli.

Ni jioni hiyo hiyo Chokaa aliponyanyuka kwenda kunawa nyuma ya pazia, akakuta kabati limeachwa wazi na suti ya kijivu imetundikwa ndani yake, imepigwa pasi, bitana yake ya hariri inang'aa.

"Mali hii ya nani?"

"Ya kijana wangu."

"Anakuja lini kuichukua?"

"Akibadilika."

Chokaa alirudi kigodani polepole. "Na anajua kama iko?"

Mzee Futi alianza kukanyaga cherehani, na cherehani ikiimba hakuna anayelazimika kujibu.

Mwanawe alikuwa fundi umeme, tena mzuri. Alianza kwa kunywa na wenzake, akaja akawa anakunywa bila wenzake. Siku ya mazishi ya mama yake alifika akinuka pombe, akasimama mlangoni na mfuko wake begani, akilia. Baba yake, mbele ya waombolezaji wote, alimwekea mkono kifuani na kusema, "Ukibadilika, urudi." Kijana aliutazama ule mkono, akageuka, na hakurudi. Mwaka uliofuata Mzee Futi alinunua kitambaa kizuri kuliko vyote alivyowahi kukata, akaishona ile suti kwa vipimo vya kijana mnyoofu, mwembamba, mwenye macho makavu. Aliamini siku mwanawe atakapofanana na suti ile, atakuja.

Kwa hiyo Chokaa hakuwa Chokaa tu. Kama mtu angeweza kupokelewa kabla hajabadilika, basi siku ya mazishi ule mkono ulikuwa umemzuia mwanawe bure. Mzee Futi alilijua hilo, na hakuliangalia machoni. Aliutazama msimu unavyokwenda, akamwona Chokaa yuko imara, akaanza kuona raha: huyu atabadilika kabisa, atapita kwa haki, na desturi itabaki na heshima yake, na mkono wake pia.

Wakati mwingine walibishana.

"Mzee, yule mwizi aliyetundikwa karibu na Bwana, shahidi wake alikuwa nani? Alimtazama msimu gani?"

"Yule alikuwa anakufa."

"Na mimi naenda wapi? Kutalii?"

"Angeshuka pale akaiba tena, ungesema nini?"

"Ningesema mwizi ameiba." Chokaa alifikiri. "Lakini sidhani kama Bwana angemwambia, 'Nirudishie ahadi yangu.'"

"Unapenda njia za mkato, wewe."

"Mimi? Mtu akitaka njia ya mkato hakuombi wewe uwe shahidi."

Wiki ya mwisho ilipoanza, Chokaa hakuonekana. Jioni ya kwanza Mzee Futi alichemsha maji ya vikombe viwili, akamwaga kimoja. Jioni ya pili akachemsha ya kimoja. Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, Chokaa alisimama mlangoni, shati limegeuzwa ndani nje, na harufu ikamtangulia kuingia.

"Nimeanguka, Mzee. Safari hii hapakuwa na ngazi."

Mzee Futi alivua miwani. "Kwa nini?"

"Sina sababu nzuri. Nililipwa, nikapita pale, nikaitwa jina langu. Ni mahali pekee wanaponiita wakifurahi."

"Nisingejua. Ungekaa kwako mpaka harufu iishe, ungekuja Ijumaa, nisingejua."

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia."

"Unajua nitanyamaza Jumamosi."

"Najua."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kujaribu kanzu," Chokaa alisema. "Uliniambia nije leo."

Ilikuwa kweli. Kanzu ilikuwa imetundikwa, imekwisha, na Mzee Futi hakuwahi kumrudisha mteja siku ya ahadi. Akamtupia. Chokaa akaivaa juu ya shati lake lililogeuzwa, akasimama mbele ya kioo.

Ilikuwa aibu. Upande wa kulia kanzu ilimkaa vizuri. Upande wa kushoto ilibonyea begani kama hema lililokatika kamba, shingo ikavutwa pembeni, na pindo likapanda kulia na kuburuzika chini kushoto. Chokaa alijaribu kuinua bega. Liliinuka kidogo, uso ukamkunjamana kwa maumivu, likashuka tena.

Wakati huo huo akaingia shemeji yake Mzee Futi, mdogo wa marehemu, aliyekuwa na duka la vifungo na nyuzi upande wa pili wa barabara. Alileta nyuzi nyeupe. Alimtazama Chokaa kuanzia juu hadi chini, kisha akanusa.

"Hee! Nani kalewa hapa, aliyevaa au aliyeshona?"

"Shemeji, kazi za watu," alisema Mzee Futi.

"Nauliza tu, shemeji. Tangu nikujue hujatoa nguo ya namna hii. Hata ulipokuwa na homa."

Chokaa alikuwa bado anajitazama kiooni. "Usimlaumu, mama. Kanzu ni nzuri. Ila hii kamshonea ndugu yangu."

"Una ndugu wewe?"

"Yule ambaye hajazaliwa bado. Yule mwenye mabega mawili." Akaivua kwa uangalifu, akaikunja, akaiweka mezani kama kitu kitakachovunjika. "Asante, Mzee. Kwa chai pia." Akaenda zake.

Mzee Futi alibaki amesimama. Alikumbuka sasa, waziwazi, jinsi alivyoilaza karatasi ya kukatia juu ya kitambaa, kipimo cha bega la kushoto kikiwa kichwani mwake, na mkono wake ukachora mabega sawa. Hakukosea. Alifikiri: akishabadilika, atasimama wima. Yeye, aliyewachapa wanafunzi vidole kwa futi wakisahau sheria, alikuwa ameshona mwili ulioahidiwa, na hata aliyevishwa hakuwa ameuahidi.

"Shemeji," yule mama alisema kwa sauti nyingine, maana utani una mwisho wake, "kaa chini. Umekuwa mweupe kama kitambaa."

Alikaa kwenye kigoda cha Chokaa. Hakuwahi kukikalia, kilikuwa kifupi, na kutoka pale karakana ilionekana kubwa na tupu.

"Yule kijana," alisema baadaye, "bado anakuandikia?"

Hakuwa amemtaja mwanawe mbele yake tangu mazishi. Shemeji yake alijifanya anapanga nyuzi. "Ananiandikia. Hajaacha."

"Yu mzima?"

"Ana kitambi."

"Kitambi?"

"Kitambi, shemeji, na upara umeanza. Alinitumia picha. Ukimwona kwa nyuma utasema marehemu baba yako."

Mzee Futi aligeuza shingo kuelekea pazia, ambako suti ya kijivu ilikuwa inamngoja mtu mwembamba. "Na anakunywa?"

"Siku anakunywa, siku hanywi. Ni kama hali ya hewa. Wewe ulidhani atanyooka kama ulivyotaka kwa sababu ulimwacha juani?" Kisha akajuta, akaweka mkono juu ya bega lake kwa muda mfupi, akarudi dukani kwake, kwa kuwa mteja alikuwa anamwita.

Mzee Futi alichukua kiwembe, akaanza kuifumua kanzu.

Kufumua ni kazi ngumu kuliko kushona, na inataka macho. Alifumua bega la kushoto, kwapa na upande mzima mpaka kwenye pindo. Akakata upya, akashusha bega kwa upana wa vidole viwili. Ilipofika kushona shingo kwa mkono, hapakuwa na wa kumwambia juu kidogo, kushoto, usipumue. Alikaa na sindano na uzi mpaka mwanga wa dirishani ukamwishia, na kesho yake asubuhi akaanza tena. Hakukumbuka kama aliwahi kuwa peke yake namna ile, hata siku ya mazishi. Siku ya mazishi alikuwa na hasira ya kukaa naye.

Jumamosi wazee walikaa katika chumba cha nyuma cha kanisa, chenye viti vya plastiki na ubao wa kwaya. Mashahidi wengine walisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Chokaa alikuwa nje, ameegemea ukuta ambao aliwahi kuupaka mwenyewe.

"Mzee wangu," alisema mchungaji, "mtu wako. Amebadilika?"

Mzee Futi alisimama. Kunyamaza ilikuwa rahisi. Alikwisha kunyamaza mara nyingi. "Hapana," alisema. "Alikunywa wiki hii. Sikumkamata, alikuja kuniambia mwenyewe. Hajabadilika vya kutosha. Naomba abatizwe kesho."

Viti vya plastiki vililia vyote kwa pamoja.

"Ngoja, ngoja," alisema mwalimu mstaafu, aliyekaa karibu na dirisha. "Desturi ni ndiyo au kimya. Hii ya tatu umeitoa wapi? Na vijana tutawaambia nini? Kunyweni tu, maji yapo?"

"Waambie pombe inaua. Mimi sijaacha kuichukia, Mwalimu, na huyo aliye nje anaichukia kuliko mimi, maana ini ni lake. Lakini mimi nilimshonea kanzu ya mtu aliyekwisha kupona. Haikumkaa. Nimeifumua, nimemshonea bega alilo nalo. Nguo ikimkaa mtu, anaacha kujishika-shika, na mikono yake inapata nafasi ya kufanya kitu kingine."

"Na asipofanya?"

"Basi atakuwa mlevi aliyevaa vizuri, nami nitaendelea kumngoja jioni. Sijui zaidi ya hapo." Alitaka kukaa, kisha akabaki amesimama. "Mimi mlinipitisha zamani. Niliacha chupa, nikaacha sigara, mkasema nimebadilika. Ulimi hamkuuliza."

"Ulimi tuliuogopa," mwalimu mstaafu alisema, na watu wakacheka, hata mchungaji, hata Mzee Futi kidogo.

Hawakukubaliana wote. Mzee mmoja alitoka akiubamiza mlango. Mchungaji alisali, akasema yeye atambatiza, na mwenye neno amletee yeye lawama.

Chokaa aliambiwa pale nje. Alishika ukuta. Baadaye alifika karakana, akavaa kanzu, akasimama mbele ya kioo. Bega lilikuwa limeshuka vile vile. Pindo lilizunguka miguu yake sawasawa, na shingo ilikaa katikati. Alijitazama, akageuka upande, akajitazama tena. Mikono yake ilitulia mapajani.

"Unaliona bega?" aliuliza.

"Naliona. Lipo."

"Lakini halionekani."

"Linaonekana, bwana wee. Ila nguo hailisemi."

Jumapili Chokaa alibatizwa kwenye tangi la saruji nyuma ya kanisa. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alimnong'oneza Mzee Futi kabla ya kushuka, "ila nyinyi mnatuvisha kwanza, halafu ndipo mnatuosha." Alizama, akaibuka, akakohoa, na kwaya ikaimba juu ya nyundo za gereji. Matone meupe ya nywele zake hayakutoka. Ilikuwa rangi ya mafuta.

Mchana Mzee Futi alirudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza "Nani huyo?" alipofungua mlango. Furaha ya kanisani ilikuwa ya watu wengi; huku ndani aliikuta imeshuka na kuwa ya mtu mmoja, na haikumtosha. Akaenda karakana ingawa ilikuwa Jumapili. Akatoa suti ya kijivu, akailaza mezani, akatafuta pa kuanzia kuifumua. Hakupata. Kwa Chokaa alikuwa na vipimo. Huyu hakumjua tena. Alijua ana kitambi, basi.

Alichukua karatasi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliusomea ukubwani, katika darasa la jioni, baada ya kazi, na aliuonea fahari kama alivyoionea kila kitu alichojipatia mwenyewe. Barua ya kwanza ilianza, "Ikiwa umejirekebisha." Aliichana. Ya pili iliomba vipimo vya kifua na kiuno. Aliisoma, akaona ni barua ya duka. Ya tatu aliiandika bila kupumzika:

"Mwanangu,

Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Nina suti yako hapa. Niliikata vibaya, kosa ni la fundi, si la kitambaa. Nataka kuifumua lakini fundi hapimi mtu kwa barua. Njoo nikupime. Usijiandae. Usivute tumbo ndani. Pombe bado naichukia, sitakudanganya, lakini hiyo tutaizungumza ukiwa umekaa. Siku ile mlangoni niliweka mkono wangu pabaya. Njoo ukiwa umekunywa au hujanywa. Kigoda kipo, na sindano zinanishinda kutunga.

Baba yako."

Shemeji yake alimwandikia anwani juu ya bahasha asubuhi ya Jumatatu, mkono ukikimbia kwa haraka, kana kwamba aliogopa atabadili mawazo. Hakutania hata neno.

Gundi ya bahasha ilikuwa imezeeka na haikushika. Mzee Futi aliilamba mara ya pili, akakunja mdomo wake, kisha akaweka juu yake kitambaa chenye unyevu na kuipiga pasi, taratibu, kama anavyolaza mshono wa kola. Ikashika. Akavua futi shingoni, akaitundika kwenye kiti, akatembea hadi posta. Aliishika bahasha mdomoni mwa sanduku mpaka mtu wa nyuma yake akakohoa. Kisha akaiachia, akaisikia ikianguka juu ya barua za watu wengine.